Maumivu ya Mgongo na Historia ya Dawa Yake: Kutoka kwa Ibn Sina Hadi Pampu ya Tumboni



Ndugu wasomaji, Ijumaa moja baada ya swala hapa Nyamityobora, mzee mmoja alinishika mkono wakati tunavaa viatu, akaniomba tukae kidogo barazani. Alikuwa ametoka Nakivale alfajiri, gari limemtikisa njia nzima, na kila alipotaka kuinuka alishika ukuta. Ni mzee wa Kikongo, na mgongo wake umekuwa ukimuuma kwa miaka kumi na moja. Akatoa simu, akanionyesha picha ya tumbo la mtu. Chini ya ngozi, pembeni ya kitovu, palikuwa na uvimbe wa mviringo kama kifuniko cha kopo.

"Huyu ni mdogo wangu, yuko Marekani," akasema. "Yeye naye mgongo ulimtesa, wakamwekea mashine ya dawa ndani ya mwili. Sasa wanangu wanataka tuuze kinu chetu cha kusagia mahindi, nipelekwe nje nikawekewe kama hiyo. Mwalimu, nakuuliza mambo matatu. Mashine hii ni nini? Dini yetu inasemaje? Na kinu niuze au nisiuze?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwomba anipe muda nisome na niwaulize wanaojua. Nilichokipata ni historia ndefu kuliko nilivyodhania, na ndani yake mna mambo ambayo kila familia ya Kiislamu yenye mgonjwa ingefaa kuyajua. Kwa hiyo naiandika hapa kwa faida ya wote, Inshaa Allah.

WATABIBU WA KIISLAMU NA AFYUNI

Dawa kubwa ya maumivu tangu zamani ilitoka katika ua moja, ua la afyuni. Utomvu wa tunda lake ukikaushwa ndio afyuni yenyewe. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Na sisi Waswahili tuna neno la pili la kitu hicho hicho, nalo ni kasumba. Leo ukisema kasumba watu wanafikiria mawazo mabaya yaliyomwingia mtu kichwani, kama vile kasumba ya ukoloni, lakini asili yake ni afyuni. Lugha yenyewe inatuonya: kitu kinachotuliza kinaweza pia kumtawala mtu.

Watabibu wa Kiislamu walikijua kitu hiki kwa pande zake zote mbili. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki takriban mwaka 925, aliandika juu ya dawa za kutuliza. Baada yake akaja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, mwenye kitabu cha al-Qanun kilichosomeshwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu na Ulaya pia. Katika kitabu hicho Ibn Sina aliyagawa maumivu katika aina kumi na tano: yako yanayochoma, yanayokandamiza, yanayotoboa, yanayowasha, yanayolegeza, na mengineyo. Hebu fikiri, miaka elfu moja iliyopita tabibu anamtaka mgonjwa aeleze maumivu yake ni ya namna gani kabla hajampa dawa! Afyuni aliitaja miongoni mwa dawa zenye nguvu za kutia ganzi, na alijua kwamba kipimo kikizidi huua.

Tatizo la zama hizo lilikuwa kipimo. Utomvu wa shamba hili haulingani nguvu na wa shamba lile. Tonge lililomtuliza mgonjwa jana laweza kumuua leo. Tatizo hilo lilidumu zaidi ya miaka mia saba baada ya Ibn Sina.

KUTOKA AFYUNI HADI MOFINI

Aliyelitatua alikuwa kijana wa duka la dawa huko Ujerumani, Friedrich Sertürner. Karibu na mwaka 1804 alifanikiwa kutenga ndani ya afyuni kile kitu chenyewe kinachotuliza. Alikiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto katika hadithi za Wayunani, na ndipo tulipopata jina mofini. Kuanzia hapo dawa iliweza kupimwa kwenye mizani, na dozi ya leo ikawa sawa na ya jana. Kufikia mwaka 1827 kampuni ya Merck ilikuwa ikiiuza.

Hatua ya pili ilihusu mahali pa kuipeleka dawa. Mwaka 1898, katika mji wa Kiel huko Ujerumani, daktari August Bier alichoma dawa ya ganzi ndani ya maji yanayozunguka kamba kuu ya neva iliyomo ndani ya mifupa ya mgongo. Yeye na msaidizi wake walijaribiana wenyewe kwa wenyewe. Msaidizi alipigwa kwa nyundo kwenye muundi na hakuhisi maumivu, ingawa siku zilizofuata wote wawili waliumwa kichwa vibaya. Mama zetu wanaojifungua kwa upasuaji huku wakiwa macho wanafaidika na jaribio hilo mpaka leo.

Hatua ya tatu ilikuja mwaka 1973. Wanasayansi waligundua kwamba mwilini mna milango maalumu ambayo mofini huifungua, kama ufunguo na kufuli. Muda si mrefu ikaonekana kwamba milango hiyo imo pia katika kamba ya neva ya mgongoni. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Tony Yaksh na Thomas Rudy, walionyesha kwa panya kwamba mofini kidogo ikiwekwa hapo hapo huzuia maumivu kabla hayajapanda kichwani. Mwaka 1979 madaktari waliwapa wagonjwa wa saratani mofini kwa njia hiyo, na maumivu yakatulia.

Hapo ndipo siri ya pampu ilipo. Dawa ya kumeza huzunguka mwili mzima kabla ya kufika inapotakiwa. Dawa inayodondoka ndani ya maji ya mgongo inafika mlangoni moja kwa moja. Kwa hesabu wanayoitumia madaktari, miligramu 1 ya mofini ndani ya maji hayo hufanya kazi kama takriban miligramu 300 za kumeza.

PAMPU YENYEWE

Lakini nani atamchoma mgonjwa sindano ya mgongo kila siku? Jibu lilikwisha kuandaliwa na watu wengine kwa kazi nyingine. Perry Blackshear na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametengeneza pampu ndogo ya kuzikwa chini ya ngozi. Haikuwa na betri. Ndani yake mlikuwa na gesi ambayo joto la mwili wenyewe liliitanua, nayo ikaisukuma dawa nje kidogo kidogo. Mwaka 1981 madaktari wa Mayo Clinic waliripoti kumwekea mgonjwa wa saratani pampu iliyodondosha mofini mgongoni wakati wote. Baadaye zikaja pampu zenye betri, ambazo daktari huzipangia dozi kutoka nje ya mwili bila kupasua. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha mwaka 1988, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaruhusu zitumike kwa mofini ya mgongoni, kwa wagonjwa wa saratani na kwa wenye maumivu sugu ya sababu nyingine.

Tangu mwaka 2004 iko pia dawa nyingine ya pampu isiyotoka katika afyuni kabisa. Inaitwa zikonotaidi, na asili yake ni sumu ya konokono wa baharini anayewinda samaki. Baharia na mvuvi wa pwani yetu anajua kwamba yako makombe mazuri ya kuokota ambayo yanauma na yanaua. Subhanallah, katika sumu ya viumbe wa namna hiyo wakatoa dawa.

KUISHI NA PAMPU

Sasa nieleze maisha yenyewe, kwa sababu picha ya simu haikuyaonyesha.

Kwanza mgonjwa hujaribiwa. Hupewa dawa mgongoni kwa sindano au kwa mpira wa muda, na asipopata nafuu pampu haiwekwi. Akipata nafuu hupasuliwa, pampu ikawekwa chini ya ngozi ya tumbo, na mpira mwembamba ukapitishwa chini ya ngozi kuzunguka ubavu hadi mgongoni. Pampu nyingi hubeba mililita 20 au 40 za dawa.

Pili, dawa huisha. Kila baada ya muda, aghalabu kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu, na kwa wengine hadi miezi sita, lazima aende hospitali. Muuguzi au daktari hutafuta tundu la pampu kwa vidole juu ya ngozi, huchoma sindano, hunyonya dawa iliyobaki na kujaza mpya. Kazi hiyo inataka ustadi, kwa sababu dawa ya miezi ikimwagika nje ya pampu, mwilini, inaweza kumuua mtu.

Tatu, betri nayo huisha. Baada ya miaka kama mitano hadi saba hupasuliwa tena ili pampu ibadilishwe.

Nne, yako madhara. Jeraha huweza kuingia vijidudu. Mpira huweza kukunjika au kuchomoka. Pengine nyama huota kwenye ncha ya mpira na kuikandamiza kamba ya neva. Pampu ikisimama ghafla, mwili uliozoea dawa huanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Kwa sababu hiyo pampu ina kengele, na mwenye nayo hujifunza kuisikiliza usiku kama mama anavyosikiliza mtoto.

Niliomba kuongea na yule mdogo wake mzee kwa simu, na mzee akaruhusu. Namshukuru kwa ukweli wake. Aliniambia: "Maumivu hayajaisha, mwalimu. Yamepungua kama nusu. Zamani nilikuwa siwezi kukaa kitako hata kwa muda wa khutba, sasa naweza. Namshukuru Mungu." Kisha akanyamaza, akasema: "Lakini mama yetu alipofariki sikuja. Siku ya kujaza ilikuwa karibu, na nikikaa huko nyumbani dawa ikaisha, nani atanijazia? Mtu akiwa na pampu ana kamba. Yangu ina urefu wa miezi mitatu."

Mzee alikuwa amekaa kando akisikiliza. Hakuwa amelijua jambo hilo. Miaka yote alidhani mdogo wake ameisahau familia.

NJIA ILIYOPITIA UGANDA

Ndugu wasomaji, wakati pampu inakua Marekani, kwetu ilikuwa inajengwa njia nyingine, na mji wetu wa Mbarara umo ndani yake.

Mwaka 1967 huko London, Dk. Cicely Saunders alifungua St Christopher's, hospitali ya watu wenye maradhi yasiyopona. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu yako mwilini, moyoni, nyumbani kwake na katika imani yake, na kwamba dawa itolewe kwa saa maalumu, mgonjwa asingojee mpaka alie. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa wagonjwa wa saratani: dawa ipewe kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi, kuanzia dawa nyepesi hadi mofini. Afrika hospisi ya kwanza ilikuwa Zimbabwe mwaka 1979. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990.

Huko Nairobi alifanya kazi Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyekuwa ameitumikia Nigeria tangu miaka ya 1960 na baadaye Singapore. Akiwa Singapore, yeye na wataalamu wa dawa walitengeneza mofini ya maji kutokana na unga, dawa rahisi ya kunywa. Alitafuta nchi ya Afrika ambayo ingekubali unga huo uingizwe. Uganda ilikubali, waziri wa afya wakati huo akiwa Dk. James Makumbi, na mwaka 1993 Hospice Africa Uganda ikaanza katika nyumba ndogo ya kuazima kwenye hospitali ya Nsambya, Kampala. Ukimwi ulikuwa umeenea, saratani zilizoletwa na ukimwi zilikuwa nyingi, na watu walikuwa wanakufa kwa vilio.

Mwaka 1998 tawi lao lilifunguliwa hapa Mbarara, likaitwa Mobile Hospice Mbarara, yaani hospisi ya kutembea. Wauguzi walipanda gari wakawafuata wagonjwa vijijini badala ya kuwangoja. Dawa yenyewe ni unga wa mofini, maji safi, kitu cha kuzuia isiharibike, na rangi. Rangi ni alama ya nguvu, kijani ikiwa dawa nyepesi na buluu ikiwa kali zaidi, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na usiku hupewa dozi maradufu ili alale. Kwa kuwa mofini hufunga choo, hupewa pamoja na dawa ya kulainisha, na hospisi imefundisha hata matumizi ya mbegu za papai zilizokaushwa.

Lilibaki tatizo la sheria. Daktari peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika mofini, na madaktari walikuwa mjini. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni, ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso ya mgonjwa, waandike mofini. Uganda inatajwa kuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Serikali ililipia dawa, na mgonjwa anayeihitaji hupewa bure. Tangu mwaka 2011 hospisi imekuwa ikiitengeneza kwa ajili ya nchi nzima kwa mapatano na serikali. Dk. Merriman alifariki mwaka 2025 akiwa Uganda.

Tuone uzito wa jambo hili. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Katika ukame huo, mgonjwa wa saratani wa Mbarara ana chupa ya kijani kando ya kitanda. Na huduma hiyo haimbagui mkimbizi na mwenyeji. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, ikatangazwa rasmi mwaka 1960, na leo ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Maradhi hayaulizi kitambulisho.

MGONGO SI SARATANI

Hapa inabidi nisimame, kwa sababu msomaji anaweza kusema: basi mzee apewe chupa ya kijani, mambo yaishe. La, si hivyo.

Dawa hiyo iliwekewa njia kwa watu wa saratani na maradhi makubwa. Mgongo wa kawaida unaouma miaka ni jambo jingine. Marekani ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Tangu mwaka 1996 vidonge vikali vya jamii ya mofini vilianza kutangazwa kwa nguvu kwa kila mwenye mgongo na goti, na matokeo yake watu kwa malaki wamekufa kwa kuzidisha dawa za jamii hiyo, za hospitali na za mitaani. Hiyo ndiyo ile kasumba ya lugha yetu.

Kwa hesabu za mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, na hakuna maradhi yanayowafanya watu wengi zaidi washindwe kufanya kazi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya chini ya mgongo. Linahimiza mgonjwa aelimishwe, afanye mazoezi, asikae kitandani, atumie dawa za kawaida za kupunguza uvimbe pale zinapofaa, na linapinga mofini na jamaa zake zisiwe dawa ya kila siku. Pampu ni ya wachache ambao yote haya yameshindikana, sababu ya maumivu imejulikana, na wana hospitali ya kuwahudumia maisha yao yote.

Tena uko mgongo ambao si wa kawaida. Zijueni dalili hizi, mzipeleke hospitali haraka:

1. Miguu kulegea au kufa ganzi, hasa ganzi ya sehemu za siri na makalio.
2. Kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa.
3. Homa, jasho la usiku, na kukonda bila sababu.
4. Nundu inayotokeza mgongoni.
5. Mtu aliyewahi kuwa na saratani, au aliyeanguka kwa kishindo.

Dalili ya tatu na ya nne huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Daktari Percivall Pott wa Uingereza aliyaeleza maradhi haya mwaka 1779, na bado yako kwetu. Hutibika kwa dawa za kifua kikuu, lakini yakicheleweshwa humfanya mtu kiwete. Mtu anaweza kumeza vidonge vya maumivu miaka na miaka huku mifupa inaliwa ndani.

DINI YETU INASEMAJE

Jambo la kwanza ni subira. Wako wanaomwambia mgonjwa: vumilia, dawa ya ganzi ni udhaifu wa imani. Humtajia Urwa bin Zubayr, ambaye husimuliwa kwamba alikatwa mguu akakataa kupewa cha kumlevya. Hiyo ni daraja yake aliyoichagua mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomwa katika madhehebu yetu ya Shafi'i, aliizungumzia hasa hali ya mkono uliooza unaohitaji kukatwa, na kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba inajuzu kumpa mtu kitu cha kuondoa fahamu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tutafute dawa. Subira na dawa hukaa nyumba moja.

La pili ni ulevi. Wanavyuoni walitofautisha kileo na kitu cha kutia ganzi. Al-Qarafi, aliyefariki mwaka 1285, aliandika tofauti hizo kwa urefu. Kinachotumiwa kwa haja ya tiba, kwa kipimo, chini ya mtaalamu, si sawa na kinachotumiwa kwa starehe.

La tatu ni saumu. Mofini ya kunywa inafunguza, na mgonjwa ana ruhusa yake katika Qur'an ya kula na kulipa, au kutoa fidia ikiwa hatarajii kupona. Ama pampu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1997 na kuyaorodhesha mambo ya tiba yasiyobatilisha saumu. Ndani ya orodha hiyo mna sindano za dawa zisizo lishe, na mna kitu au dawa inayoingizwa kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kwa hiyo mwenye pampu anayeweza kufunga, pampu haimzuii. Wallahu a'lam, na mwenye hali yake mahsusi amwendee mwanachuoni aliye karibu naye.

JIBU LA MZEE

Niliporudi kwa mzee na haya yote, nilimuuliza swali moja ambalo nilikuwa nimejifunza kwa Ibn Sina: "Mzee wangu, maumivu yako ni ya namna gani?" Alinitazama kwa mshangao. Akasema kwa miaka kumi na moja amenunua vidonge dukani, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza hivyo. Kisha akaeleza. Yanaanzia kiunoni, yanashuka mguu wa kushoto kama waya wa moto hadi kwenye kidole gumba, na yanazidi akibeba gunia. Usiku akilala ubavu, miguu ameikunja, yanatulia.

Tulikwenda naye hospitali. Alipimwa kwa mikono, miguu yake ikajaribiwa nguvu, akapigwa picha. Si kifua kikuu, si saratani, alhamdulillah. Ni mshipa wa neva uliobanwa. Walimpa dawa za kumeza zisizo mofini, wakamfundisha mazoezi ya mgongo, na wakamkataza kubeba magunia. Hawakumwahidi kwamba atapona kabisa, na nisingependa msomaji afikiri hivyo. Alipoulizia pampu, daktari alimwambia hajafika huko, na akamwomba Mungu asifike.

Kinu hakikuuzwa. Magunia wanabeba wanawe, naye anakaa mlangoni akipima unga, akiinuka kila baada ya muda kunyoosha mgongo kama alivyofundishwa. Anasema maumivu yapo, lakini sasa anayajua jina.

Jioni ya siku ile alimpigia mdogo wake. Nilisikia anamwambia, "Mdogo wangu, nimeelewa. Usije, kaa karibu na dawa yako. Sisi tutakuombea kaburini kwa mama."

Ndugu zangu, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayeumwa, anzeni kwa kumkalisha na kumuuliza maumivu yake yakoje, tangu lini, na yanamzuia nini. Kisha mpelekeni apimwe kabla hamjauza kitu. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, walio Nakivale, walio Mbarara na walio mbali na makwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.